Kikomo Kiandikwe Mahali Ambapo Programu Haifiki

Leo tunakaa na barua moja tu, kwa sababu swali lake nimeulizwa na wengi kwa namna tofauti. Kijana anayesoma chuo Dodoma ameniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimeandika programu inayocheza kindege cha Aviator yenyewe. Inaweka dau la 500, inatoa pesa ikifika 2.00, ikikosa inaongeza dau mara mbili. Niliandika kwamba hasara ikifika 20,000 isimame. Nikalala. Asubuhi nikakuta bumu lote limekwenda. Kikomo kimo ndani ya programu, nakiona kwa macho yangu. Kosa liko wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwa wasioujua, Aviator ni mchezo wa kubeti ambao kindege kinapaa, odi inapanda nacho, na unashinda ukitoa pesa kabla hakijatoweka. Programu uliyoambatanisha nimeisoma mstari kwa mstari. Nina jibu la kiufundi na jibu la pesa, na nakuomba usiishie la kwanza ukafunga ukurasa.

Programu yoyote ya kubeti yenyewe hubeba namba za aina mbili. Kuna konstanti, yaani namba unayoiandika mara moja na hakuna kitu kinachotakiwa kuigusa wakati programu inakimbia: dau la kuanzia, kikomo cha hasara, dau kubwa kabisa unalokubali kuweka. Na kuna vigeu, namba zinazobadilika kila raundi: dau la sasa, salio, hasara iliyokwisha kupatikana, odi ya wakati huu. Kujua tofauti hiyo ni kazi ya siku ya kwanza darasani. Kazi inayowashinda watu ni kuamua namba ipi iende upande upi, na kigeu kianze kuhesabu kutoka wapi. Humo ndimo bumu lako, pesa yako ya kujikimu chuoni, lilimopotelea.

Tazama nilichokikuta. Juu kabisa umeandika KIKOMO_CHA_HASARA = 20000, vizuri kabisa, kwa herufi kubwa. Chini yake kinaanza kitanzi kinachorudia raundi baada ya raundi. Na mstari wa kwanza ndani ya kitanzi unasema hasara = 0. Mstari wa pili unauliza kama hasara imefika kikomo. Halafu programu inaweka dau, inapoteza, inaongeza hasara, inarudi juu, na hasara inakuwa sifuri tena. Kila programu yako ilipojiuliza, "Je, nimepoteza kiasi gani?", jibu lilikuwa sifuri. Ingeendelea kujiuliza hadi alfajiri na jibu lingekuwa lilelile. Mstari huo ulitakiwa kukaa juu ya kitanzi. Nafasi nne za kuingiza ndani, basi.

Ila hata ungeuweka mahali pake, 20,000 yako isingelindwa. Fuata hesabu hii: dau la 500, likikosa 1,000, kisha 2,000, 4,000, 8,000. Baada ya kukosa mara tano umepoteza 15,500. Programu inauliza: 15,500 imefika 20,000? Bado. Inaweka dau linalofuata, 16,000. Likikosa, hasara ni 31,500. Kikomo kimerukwa kwa 11,500 na programu haijakosea kitu, imefanya ulichoiambia. Swali sahihi linaulizwa kabla ya dau kutoka mkononi, nalo linajumlisha: hasara iliyopo pamoja na dau ninalotaka kuweka, je, vinazidi kikomo? Vikizidi, dau halitoki. Mdogo wangu, ukiandika programu yoyote inayotumia pesa ya mtu, iwe ya kubeti au ya kulipa mishahara, uliza kwanza ndipo utoe.

Na kuna njia bora zaidi ya kuhesabu hasara kuliko kihesabio chako mwenyewe. Programu inapowaka, soma salio lililopo kwenye akaunti na ulihifadhi kama SALIO_LA_KUANZIA. Baada ya hapo namba hiyo haiguswi tena mpaka siku iishe. Kila raundi soma salio la sasa, toa, na tofauti ndiyo hasara. Kihesabio chako kinaweza kudanganyika. Salio la akaunti ni vigumu kudanganyika. JavaScript ina neno const kwa namba za namna hii, ambazo huzijui mpaka programu iwake, lakini ukishazijua hazibadiliki. Python haina ulinzi huo: herufi kubwa ni desturi tu ya waandishi, na mstari wowote unaweza kuibadilisha "konstanti" yako bila lugha kulalamika. Wengi mnaandika Python, kwa hiyo lishikeni hili.

Usidhani haya huwapata wanafunzi tu. Tarehe 28 Desemba 2011, katika uwanja wa Leopardstown nchini Ireland, farasi jike aitwaye Voler La Vedette alikuwa akikimbia mbio za Christmas Hurdle. Betfair ya Uingereza ni soko ambalo wachezaji hubetiana wenyewe kwa wenyewe: mmoja anasema farasi atashinda, mwingine anasimama upande wa pili kama yeye ndiye kampuni, na farasi akishinda, huyo wa pili ndiye anayelipa. Siku ile mbio zikiwa zinaendelea, farasi akionekana wazi kwamba anashinda, kulikuwa na mtu bado anatoa odi ya 29 kwamba hatashinda, kwa zaidi ya pauni milioni 21. Watu wakaichukua kwa pupa. Farasi akashinda.

Anayesimama upande wa kulipa hapotezi dau, anapoteza dau mara odi kasoro moja. Chukua milioni 21, zidisha kwa 28, unapata pauni milioni 588. Betfair baadaye ilieleza kwamba aliyekuwa nyuma ya ofa ile ni programu ya mteja iliyoharibika, na kwamba akaunti yake ilikuwa na chini ya pauni 1,000. Mfumo wa Betfair wenyewe ulitakiwa kumzuia kuvuka uwezo wake, na siku ile haukumzuia. Dau zote zilizowekwa mbio zikiendelea zikafutwa, na walioshangilia wakabaki na hasira.

Mimi kwenye kisa kile naona vikomo viwili, cha mteja na cha soko, na vyote viwili vilikuwa ndani ya programu. Programu zikipotoka, vikomo vinapotoka nazo. Pia naona kosa ambalo vijana wengi wanaojaribu masoko ya namna hii hulifanya: wanaweka konstanti ya dau, tuseme pauni 2, wakiamini kwamba hasara yao kubwa kabisa ni pauni 2. Kwa anayesimama upande wa kulipa, pauni 2 kwa odi ya 29 ni hasara ya 56. Namba ya kudhibiti hapo ni kiasi kitakachodaiwa, nacho kinatokana na vigeu viwili vinavyozidishana. Konstanti yako iwe ya deni, siyo ya dau.

Kihesabio kilichokaa mahali pasipo pake kimeshaizamisha hata kampuni kubwa. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital ya Marekani iliwasha programu mpya ya kununua na kuuza hisa. Ndani ya mfumo wake kulikuwa na kipande cha zamani kilichoachwa kutumika tangu 2003. Enzi zake kipande hicho kilitegemea kihesabio cha hisa zilizokwisha kupatikana, ili idadi ikitimia kisimame. Mwaka 2005 kihesabio kikahamishiwa sehemu nyingine, na hakuna aliyejaribu upya kama kipande kile bado kinajua kusimama. Mwaka 2012 alama iliyokuwa ikikiwasha ikapewa kazi mpya, seva moja kati ya nane haikusasishwa, na kipande cha zamani kikaamka kisijue kwamba kimeshatimiza kazi. Dakika kama 45 hivi, hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Hawa walikuwa wahandisi wa kulipwa, wenye ofisi na wakaguzi. Wewe uko peke yako hosteli, umelala.

Sasa tuje kwenye mazingira yetu. Umeme unakatika. Bando linaisha katikati. Programu inakufa saa nane usiku na programu nyingine uliyoiweka iiwashe tena inaiwasha. Vigeu vyote vinavyokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta vimefutika: hasara ni sifuri, idadi ya raundi ni sifuri, na programu inaanza siku mpya katikati ya usiku uleule. Umeme ukikatika mara tatu, kikomo chako cha 20,000 kimekuwa 80,000. Kwa hiyo salio la kuanzia liandike kwenye faili pamoja na tarehe. Programu ikiwaka, kabla ya kitu kingine isome faili. Ikikuta tarehe ya leo, itumie namba iliyomo, isijitungie mpya.

Bando nalo lina hila yake. Programu imetuma dau, mtandao umekata kabla ya jibu kurudi. Dau limepokelewa au halikupokelewa? Programu nyingi nilizoletewa zinachukulia halikupokelewa na kutuma tena, na mtu anajikuta na dau mbili au tatu za raundi moja. Soko la Betfair linaruhusu kila ombi libebe namba yake ya kumbukumbu, ombi likirudiwa kwa namba ileile ndani ya muda mfupi linakataliwa. Pasipo na huduma hiyo, kanuni yangu ni moja: jibu lisiporudi, programu isimame na kuangalia salio, isikisie.

Na odi usiihifadhi bila saa. Odi iliyosomwa sekunde ishirini zilizopita, mpira unachezwa, ni habari ya zamani. Kando ya kila odi weka muda iliposomwa, na weka konstanti ya umri wake wa juu kabisa. Pesa nazo zihifadhi kwa shilingi nzima au senti nzima, kwa sababu kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida inapata 0.30000000000000004, na ukiiuliza kama hiyo ni sawa na 0.3 itakuambia hapana.

Ndugu zetu wa Kenya wana funzo lao kwenye suala la kodi. Ushuru wa asilimia 20 ya dau uliingia kwa sheria ya fedha ya 2019, ukafutwa 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 Desemba 2024, na 2025 ukahamishwa kutoka kwenye dau kwenda kwenye pesa unayoingiza kwenye akaunti, asilimia 5. Hiyo ni konstanti kwa programu yako, kwa sababu haibadiliki usiku mmoja ukiwa umelala, lakini Bunge linaibadilisha karibu kila bajeti. Mtu aliyeandika 0.85 katika sehemu saba za programu yake atabadilisha sita na kusahau moja. Ipe jina, iandike mara moja, mahali pamoja. Na usiichukulie kama kitu kidogo: ushuru ukiwa asilimia 15, dau la shilingi 100 linaingia mchezoni likiwa 85, na odi ya 2.00 inakurudishia 170. Hujaanza kucheza, umeshapoteza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jibu la pili, mdogo wangu. Tuseme umerekebisha yote. Kihesabio kimekaa juu ya kitanzi, swali linaulizwa kabla ya dau, faili linasomwa, mtandao ukikata programu inasimama. Programu imekuwa safi kama ya benki. Je, itakuingizia pesa?

Haitakuingizia, na nitakuonyesha kwa hesabu. Spribe, watengenezaji wa Aviator, wanatangaza wenyewe kwamba mchezo unarudisha asilimia 97 ya dau zinazowekwa. Kwa anayetoa kwenye 2.00, maana yake ni kushinda karibu raundi 48.5 katika kila 100. Hiyo ni konstanti, na ndiyo pekee katika mchezo mzima usiyoweza kuihariri, kwa sababu haiko kwenye kompyuta yako. Kuongeza dau mara mbili hakuigusi. Kunapanga tu ni lini utapoteza: mara nyingi unapata vi-500 vidogovidogo, kisha siku moja unapigwa kwa jumla.

Chukua mtu mwenye uwezo wa kukosa mara nane mfululizo na si zaidi. Nane hizo, kuanzia 500 hadi 64,000, zinamla 127,500. Uwezekano wa kukosa mara nane mfululizo ni 0.515 zidisha yenyewe mara nane, karibu 0.005, yaani mzunguko mmoja, wa kuanzia dau la 500 hadi kushinda au kuishiwa, katika kila 200 na kidogo. Katika mizunguko hiyo atashinda 500 kama mara 201, jumla 100,500. Kisha atapoteza 127,500. Baki ni hasara ya 27,000. Na mizunguko hiyo yote haihitaji hata usiku mzima: ni raundi kama 415, na ukichukulia raundi mbili kwa dakika ni saa tatu na nusu hivi. Mkono wa mtu ungechoka, macho yangesinzia, labda ungeacha ukiwa umepata kidogo. Programu haichoki, kwa hiyo inakufikisha kwenye ule mzunguko mbaya haraka zaidi kuliko ambavyo ungefika mwenyewe.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba tatizo ni kutojua ndege itaishia wapi, na kwamba kuna programu za kutabiri zinauzwa Telegram. Wadogo zangu, msitoe hata shilingi. Matokeo ya kila raundi hutengenezwa kwa kuunganisha mbegu ya siri iliyoko kwenye seva na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza walioweka dau, kisha yote hupitishwa kwenye hesabu ya SHA-512. Kabla ya wale watatu kuweka dau, matokeo hayajakamilika hata kwa seva yenyewe. Anayekuuzia utabiri anakuuzia namba ya kubahatisha iliyopambwa kwa rangi nzuri, na mara nyingi anataka umpe pia nywila ya akaunti yako. Huyo ni mwizi, na ninasema hivyo nikijua ninachosema.

Pia someni masharti ya kampuni mnazochezea. Nyingi zinakataza programu inayocheza badala ya mtu, na zimejipa haki ya kufunga akaunti na kushikilia salio. Ukishinda kwa programu, unaweza usilipwe. Ukipoteza kwa programu, hakuna atakayekurudishia. Na kwa walio chini ya miaka 18 wanaoniandikia wakijifanya wakubwa: sheria haiwaruhusu, na mimi siwasaidii katika hili.

Kinachoniuma zaidi siyo programu. Nimesoma barua za vijana waliobeti ada, waliobeti hesabu ya bosi wa bodaboda, wasichana waliobeti marejesho ya kikoba cha mama kisha wakakimbilia mikopo ya kausha damu kuziba pengo. Wote walikuwa na kikomo. Tena wengi walikiandika. Kisha usiku, wakiwa wamepoteza, wakafungua programu na kuongeza sifuri moja kwenye kikomo. Nawaambieni kwa upendo: namba unayoweza kuibadilisha ukiwa na hasira siyo konstanti, hata ukiiandika kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo kikomo cha kweli kikae nje ya programu na nje ya mkono wako wa usiku. Kama umeshaamua kwamba utacheza, na wewe ni mtu mzima, ingiza kwenye akaunti ile pesa tu ambayo ikipotea leo kesho utakula na kupanda daladala kama kawaida. Bumu, mshahara na marejesho vikae kwenye laini nyingine isiyounganishwa na akaunti ya kubeti kabisa. Kampuni ikiwa na sehemu ya kuweka ukomo wa pesa ya kuingiza kwa wiki, uweke mchana, akili ikiwa imetulia. Na kama unahisi huwezi kuacha, omba wakufungie akaunti, kisha mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Mwambie leo.

Kuhusu hamu ya kuandika programu, usiiache. Uliyoyajifunza hapa ya kuuliza kabla ya kutoa, ya kuhifadhi namba umeme usije ukazifuta, ya kutorudia malipo mtandao ukikata, ni yaleyale anayoyahitaji mwenye duka la jumla Kariakoo au kikoba cha akina mama thelathini wanaoandika marejesho kwenye daftari. Mdogo wangu wa Dodoma, hicho kitanzi ulikiandika vizuri isipokuwa mistari miwili. Wapo watakaokulipa kwa kazi hiyo, bila wewe kuweka dau.

Na kila mwenye programu inayokimbia wakati anasoma ukurasa huu: ifungue sasa hivi, tafuta mstari unaosema hasara inaanzia sifuri, uone uko juu ya kitanzi au ndani yake. Usipouona, au usipokuwa na uhakika, izime kabla hujalala.